Mpira Mfupi wa Breki

Suruali haipimwi mtu akiwa amesimama tu. Hilo fundi cherehani wetu alilisema kila siku, kwa kila mteja, mpaka wateja wa zamani wakawa wanamkatiza na kulimalizia wenyewe. Ukifika kibandani kwake alikupima umesimama, halafu akakuamuru ukae kwenye kigoda, halafu uchuchumae, mtu mzima na kitambi chako, huku wapita njia wakikukodolea macho. "Nguo ni ya kuishi ndani yake," alisema, tepu ikining'inia shingoni. "Si ya kupigia picha." Na kweli, kwa miaka ishirini na sita hakuna suruali ya mkono wake iliyowahi kumpasukia mtu mahali pa aibu.

Hiyo ilikuwa kazi. Ugonjwa wake ulikuwa magari, tena si magari yote. Alipenda yale ya zamani ya porini, ya bati nene na umbo la sanduku, yanayovuta kwa magurudumu yote manne na kulalamika hata yakiwa yanateremka. La kwake alilikuta nyuma ya ghala moja, limekalishwa juu ya matofali, nyasi zimeota sakafuni na kuku ametaga chini ya usukani. Lilipoburutwa kuingizwa uani, mkewe aliweka ndoo chini.

"Hiki ni kitu gani?"

"Gari."

"Nimeuliza hiki ni nini. Sijauliza zamani kilikuwa nini."

Miaka minne alilala chini ya hicho kitu kila jioni na kila siku ya mapumziko. Sakafu aliiziba kwa bati la pipa alilolikata kwa mkasi wa chuma. Rejeta ilitoka kwenye lori lililokufa. Viti alivishona mwenyewe kwa turubai, mshono mara mbili, na vikawa ndivyo vitu pekee ndani ya gari lile ambavyo havikupiga kelele. Alikuwa na kitabu cha ufundi kilichochakaa, kurasa za gia zote zimeng'oka. Za breki zilikuwepo, tena safi. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akamtafutia kisingizio. Mtaa ukampa jina la Injinia, kwanza kwa kejeli, baadaye kwa heshima, hasa siku gari lilipotoka uani kwa nguvu zake lenyewe. Mkewe alibaki kuliita mke mwenza.

Mtu wa kawaida angeishia hapo. Injinia akataka kuliinua. Wapenzi wa magari haya wana wazimu huo: gari likishatembea vizuri, wanataka liwe refu. Akalitengenezea vyuma virefu zaidi vya kushikia springi, akalivisha matairi makubwa, na gari likapanda juu kiganja na nusu. Mkewe akawa anahitaji kigoda kuingia ndani. Injinia alilizunguka mara tatu na kitambaa mkononi, akifuta mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

Sasa, ukiinua gari, kila kinachounganisha juu na chini lazima kirefushwe. Kimojawapo ni mpira wa breki wa nyuma, kipande kifupi kinachopeleka mafuta ya breki kutoka kwenye mwili wa gari mpaka kwenye ekseli, chuma kinachobeba magurudumu. Injinia aliingia chini akautazama. Ulikuwa umenyooka, lakini haukuwa umekaza. Akaubonyeza kwa kidole, ukabonyea kidogo. "Unafika," akasema, akatoka, akanawa mikono. Gari lilikuwa limesimama kwenye uwanja tambarare. Kazi iliyobaki ilikuwa ya dakika kumi: kulipiga jeki mwilini, gurudumu lining'inie, kisha aone mpira umebakiwa na nini. Hakuifanya. Yeye aliyewachuchumaza watu wazima barabarani, gari lake hakulichuchumaza.

Wa kulipa hakuwa yeye. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, dereva wa basi la shule. Miaka tisa alikuwa amebeba watoto wa watu bila kukwaruza hata kioo cha pembeni. Lakini ujanani aliwahi kuendesha pikipiki kama aliyefukuzwa na nyuki, akaishia ndani ya banda la kuku la jirani, na familia ina kumbukumbu ndefu kwa mambo ya namna hiyo. Hadi leo wanamwita Mshale. Huyo Mshale aliazima gari kupeleka mabati kwa mama yao, juu mlimani, nyumba ivuke salama msimu wa mvua. Alipanda salama, akashusha mabati, akanywa chai, akaanza kurudi.

Njiani kulikuwa na korongo dogo lililochimbwa na maji. Safari hii, bila uzito wa mabati, gurudumu moja la nyuma lilining'inia hewani kwa sekunde mbili, tatu, na mpira ukachomoka kwenye shingo yake. Mshale hakuhisi kitu. Breki za magari yale ni za njia moja: mafuta yakivuja mahali pamoja, zimekwisha zote. Kilomita moja mbele, kwenye mteremko wa kona, akakanyaga breki, ikazama mpaka sakafuni. Akashusha gia, akavuta breki ya mkono, gari likapungua mwendo lakini halikusimama. Chini ya kona watu walikuwa wanapanga foleni ya maji. Akakata usukani, akalipiga gema kwa upande wake mwenyewe. Goti lake la kushoto likasagika.

Hospitalini, familia imejaa kuzunguka kitanda, Mshale alisema, "Niliikanyaga breki, ikazama." Macho yote yakamgeukia Injinia. Alimwona mkewe akimtazama, alimwona mama mkwe akimtazama, na maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Breki nilizikagua mwenyewe."

Hakuwa amesema uongo. Alizikagua kweli. Lakini siku mbili baadaye gari lilivutwa mpaka uani, akaingia chini, akauona mpira unaning'inia. Alilala pale chini muda mrefu, mchanga ukimwingia kwenye kola. Kisha akatafuta mpira mrefu, akaufunga, akajaza mafuta, akatoa hewa, akautupa wa zamani kwenye shimo la taka na kuufunika kwa majivu. Kazi yote ilimalizika kabla mkewe hajarudi kutoka hospitalini. Ile sentensi ya hospitali, iliyokuwa kweli ilipotoka, siku hiyo ikageuka uongo, naye akaiacha iendelee kutembea.

Na ilitembea. Kama breki zilikuwa nzima, watu walisema, basi Mshale alikuwa analikimbiza gari. Shule ilimwachisha kazi Mshale. Mzazi gani angekubali mtoto wake aendeshwe na mtu wa mbio? Mama yake alisema, "Nilijua tu, huyu hajakua," na miezi minane hakumwita mwanawe kwa jina jingine zaidi ya "huyu." Kwa Injinia, mama mkwe alimtuma mtu na salamu za pole: pole kwa gari lako, mwanangu, watoto ndivyo walivyo. Injinia alizipokea, akashukuru. Gari alilifunika turubai. Mtaa ukadhani anaomboleza bati lake.

Kilichomvunja zaidi ni mkewe. Jioni moja, wanachambua mchele, alimwekea mkono begani akasema, "Najua ulilihangaikia miaka minne. Lakini nakuomba, msamehe ndugu yangu." Alitaka kusema palepale. Mdomo aliufungua. Kilichotoka ni, "Nimeshamsamehe," na huo sasa ulikuwa uongo tangu kuzaliwa kwake. Akamchukia mtu aliyeusema, naye mtu huyo alikuwa ndani ya shati lake. Tangu hapo hakula vizuri. Kila suruali aliyoishona aliiona kama inamcheka.

Sasa asubuhi moja Mshale aliingia kibandani na fimbo yake, kwapani amebana kitambaa cha kijivu.

"Shemeji, nishonee suruali mbili. Ziwe ngumu, za kazi."

"Umepata kazi?" Injinia aliruka kutoka kwenye cherehani. Furaha yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Kazi gani?"

"Lango la shule. Kufungua, kufunga, kusalimia wazazi. Kukaa sana, kwa hiyo najua utanichuchumaza, ila leo goti halitakubali."

Injinia akacheka kwa kujikaza, akatoa tepu. Alimpima kiuno, akampima urefu. Akamkalisha kwenye kigoda, akamwambia alikunje goti la kushoto mpaka linapofika. Lilifika zaidi ya alivyotegemea.

"Linakunjika."

"Linakunjika. Daktari anasema klachi naimudu bila shida. Mwalimu mkuu pia ameniita, dereva waliyemleta ameondoka. Kasema nirudi kwenye basi, yaliyopita yamepita. Nimemwambia anipe lango tu. Saa nne naenda kutia saini."

Injinia alikuwa ameandika namba kwa chaki mezani. Akaiangalia, hakuikumbuka ilikuwa ya nini. Ukutani saa ilikuwa inakaribia tatu na nusu.

"Goti linafaa, basi la shule unalo, unataka lango la nini?"

Mshale akaupiga mguu wake wa kulia kofi, ule mzima.

"Huu ndio siuamini. Watoto arobaini na mmoja, shemeji! Mimi nilisema niliikanyaga breki. Wewe ukasema ulizikagua. Nikakaa nikafikiri: mtu anayemhangaisha hata mwalimu mkuu kwa ajili ya makalio ya suruali, ataacha breki hivi hivi? Wewe si mtu wa kubahatisha. Basi mwenye makosa ni mguu. Labda nilikanyaga klachi. Labda nilizubaa, sikukanyaga chochote. Bado naisikia ikizama, lakini siku hizi sijui kama naikumbuka au nimeitunga ili nijitetee."

Alisema bila chuki hata chembe, kama mtu anayeeleza bei ya sukari. Injinia alitegemea siku moja atashikwa shati. Alishajiandaa kwa hilo, na pengine alilitamani. Hili hakujiandaa nalo. Kazi ya mtu ameila, jina la mtu amelila, sasa anamlia mpaka kumbukumbu yake. Akakaa kwenye rundo la vitambaa, macho yakiwa sawa na yale ya shemeji yake.

"Uliikanyaga."

"Nini?"

"Breki. Uliikanyaga, ikazama, kama ulivyosema. Nilipoinua gari niliuacha mpira wa nyuma ule ule mfupi. Niliupima gari likiwa limesimama. Gurudumu liliponing'inia kwenye korongo, ukachomoka. Niliuona kwa macho yangu siku ya tatu. Niliubadilisha, nikautupa, nikanyamaza." Akaiweka tepu sakafuni. "Mguu wako hauna kosa. Hakuna kosa lako hata moja. Ningekuwa mimi kwenye usukani ningewaua wale watu wa foleni."

Mshale alimtazama. Mkono wake ulikuwa umeikaza fimbo, na Injinia akakaa tayari, hakuinua hata mkono kujikinga. Fimbo haikuja. Mshale aliinamisha kichwa akautazama mguu wake wa kulia, akaunyanyua kidogo, akaukanyagisha chini kwenye sakafu ya saruji. Akaukanyagisha tena, kwa nguvu zaidi.

"Niliikanyaga," akasema.

"Ndiyo."

"Niliikanyaga!" Akaanza kucheka, machozi yakimtiririka, akimtikisa Injinia bega kama mtu aliyeletewa habari za mtoto kuzaliwa. "Shemeji, niliikanyaga! Sikuota! Unasikia? Niliikanyaga kwa wakati wake!"

Injinia hakuweza kumtazama. Ngumi angeivumilia. Furaha ile ilimwingia mpaka kwenye mifupa, kwa sababu alikuwa anaijua hesabu yake yote: miezi minane mtu huyu aliishi bila kitu ambacho yeye angeweza kumpa kwa sentensi moja, siku yoyote, bila hata kutoka nyumbani.

"Nisamehe," akasema.

"Hilo tutaliongea. Leo siwezi, leo nina furaha, na kesho nitakuwa na hasira, ujiandae." Mshale alikuwa ameshatoa simu mfukoni, vidole vikitafuta namba. "Saa nne naenda kumwambia mwalimu mkuu nazitaka funguo zangu za basi, nawe utafuatana nami. Lakini kwanza huyu. Mama! Mama, ni mimi. Niliikanyaga breki, mama! Hapana, sijalewa, ni asubuhi. Nasema niliikanyaga... Hunielewi. Ngoja. Yupo hapa, atakwambia mwenyewe."

Akamnyooshea Injinia simu. Nje mteja alikuwa amefika na koti mkononi. Alipoona nyuso zao akarudi nyuma bila kusalimia. Injinia aliishika simu kwa mikono miwili, akaiweka sikioni.

"Mwanangu, hujambo?" Ilikuwa sauti ya mama mkwe, ile ya upole aliyomwekea yeye tangu siku ya ajali. "Pole sana. Huyu amekuja kukusumbua na huko? Amefanya nini tena?"

"Hajafanya kitu, mama," akasema Injinia. "Hata siku ile hakufanya kitu."