Shemeji Alifuta Shamba la Marehemu Mke Wangu

Ndugu msimamizi wa kundi hili la gemu, naomba radhi kwa kuwachosha, na tafadhali jina langu lisionekane. Mimi ni mgane wa miaka sabini na mmoja, mkulima wa kahawa huku Mbozi, niliyesomeshwa na wamisionari. Wengi wenu humu ni wajukuu zangu kiumri; mnivumilie.

Mke wangu alipoanza kuugua, binti yetu alimletea kutoka Tunduma kifaa kidogo cha kuchezea gemu. Nilijifunza mwenyewe kuweka emuleta, yaani programu inayoiga mashine za zamani, na kupanga gemu kwenye memori kadi. Yeye alipenda gemu moja ya kulima. Alikuwa akicheka, "Baba Tumaini, huku mvua inanyesha kwa wakati. Usiliguse shamba langu!"

Alipofariki, sikuligusa. Kila jioni nilifungua pale alipoishia: mkulima wake wa kwenye gemu, kofia kichwani, amesimama mlangoni pa banda la kuku. Nilitazama, nikazima.

Ndipo kaka yake alipokuja kunitembelea kutoka Tunduma. Nikiwa ibadani, aliifomati kadi yote, kila kilichokuwamo kikafutika, akajaza gemu za mpira. Nilipomuuliza lilipo shamba, alicheka: "Ah, shemeji! Mzee mzima unalilia kuku wa kwenye kioo? Nimekuwekea mpira, uchangamke!" Nilijaribu programu za kurudisha mafaili. Gemu yenyewe hupatikana tena. Alichokilima marehemu hakikurudi. Na samahani kusema, siku ile nilimkaribisha chakula, nikamsindikiza hadi stendi.

Juma hili ameniletea kifaa chake. "Shemeji, kioo cheusi! Timu yangu imo humo, misimu yote, makombe yote. Niokoe, wewe ndiye fundi." Tatizo halikuwa kubwa: aliweka faili la mfumo kwenye folda isiyo yake. Nimelirudisha mahali pake, kimewaka, na timu naiona, ameipa jina lake mwenyewe. Hana nakala nyingine. Nilimuuliza kwa upole, akakiri.

Mafundisho nayajua. Nimewafundisha wengine Jumapili nyingi, kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, asitokee wa kunihimiza kusamehe. Kufuta nitafuta. Kinachonitatiza ni adabu tu. Anakuja kukichukua Jumapili baada ya ibada. Nishaurini, wanangu: niifute kabla hajafika, au nimngoje aketi, nimmiminie chai, kisha nibonyeze akiwa anatazama?