Maganda Yaliyopanda Ghorofa ya Juu

Wiki iliyopita mmoja wa wenzangu ninaokaa nao alifungua chupa aliyoletewa zawadi. Kinywaji cha Karibea, cha ramu iliyolowekwa maganda ya machungwa, rangi yake kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Mimi nilikuwa nakata vitunguu, nimewapa mgongo. Harufu iliponifikia nikaweka kisu chini. Chungwa, mdalasini, kungumanga, na nyuma yake ule ukali unaopanda puani. Wakaniuliza kama nataka kuonja. Nikasema nataka kunusa tu, wakanicheka. Sijui kama wewe umewahi kunusa kitu ukajikuta una miaka minane, umesimama kwenye ngazi za Kilburn, London, ushungi umekwenda upande na sahani mkononi.

Tulikaa juu ya duka la mazulia, mimi, baba, mama na bibi. Baba na mama walikuwa kazini mchana kutwa, kwa hiyo nikitoka skuli nilikuwa wa bibi. Alikuja London kutoka Pemba akiwa mtu mzima tayari, na Kiingereza chake kilikuwa "tenkyu" na "kold", na hayo mawili yalimtosha kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mimi alinisemesha kwa Kiswahili, nami nikamjibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa mtaa wetu. "Nijibu kwa maneno yenye chumvi," alikuwa akiniambia.

Bibi alijua namna moja tu ya kula chungwa na hakuamini kwamba kuna nyingine. Kisu kinatulia, chungwa ndilo linalozunguka. Ganda linatoka jembamba, utepe mmoja mrefu usiokatika, na chungwa linabaki limevaa ngozi yake nyeupe. Kisha unakata kifuniko juu, unabonyeza, unafyonza. Alipomwona mtoto wa Kizungu kwenye basi akilichambua chungwa kwa vidole, ganda na nyeupe yake vikitoka vipande vipande, aligeuza uso kama aliyeona mtu anavuliwa nguo hadharani.

Ghorofa ya juu yetu alikaa mama mmoja wa Saint Lucia, kisiwa cha Karibea, nesi aliyekwishastaafu, mwenye kicheko cha kutetemesha ngazi. Siku moja ya jua alimkuta bibi ameketi mlangoni anamenya. Akaokota ganda, akaliinua kwenye mwanga, na mwanga ukapita. Hapakuwa na hata uzi mweupe. Akalinusa, akafumba macho, akaashiria kwa mikono yote miwili kwamba anayataka maganda hayo, yote, na ya kesho pia.

Bibi alielewa mara moja, au alidhani ameelewa. Kwetu mtu anayenusa kitu na kufumba macho anataka kufukizia nyumba. "Masikini, hana udi," akasema. "Anachoma maganda." Tangu siku hiyo maganda yakawa yanakaushwa juu ya hita ya sebuleni, yakijikunja kama mikia ya vinyonga, na nyumba nzima ikanukia. Yakikauka, mimi ndiye niliyeyapandisha juu. Sahani haikurudi tupu hata siku moja. Jirani alibisha mlango wetu akairudisha na keki ya tangawizi, au vipande vya nazi vilivyopikwa na sukari mpaka vikawa vigumu vya kuvunja meno.

Dirishani kwake kulikuwa na mtungi mkubwa wa kioo, maganda yetu yakielea ndani ya maji meupe. Mimi nilidhani ni achari. Bibi naye aliweka achari ya ndimu dirishani kwetu, ipate jua, basi nikaona ni tabia ya wanawake wote wa umri huo.

Aliyeuvunja mwafaka huu ni shangazi. Alikuja kututembelea kutoka Woolwich, na bibi akamtuma apeleke visheti juu. Aliporudi alikaa kitini bila kuvua koti.

"Mama, unajua maganda yako yanakwenda wapi?"

"Anafukizia nyumba."

"Anafukizia! Yamo ndani ya ramu, mama. Yanaogelea. Mwenyewe kanieleza, kwa furaha. Yanakaa humo wiki kadhaa, kisha anatia shira ya sukari na viungo, anakunywa Krismasi na wageni wake."

"Ramu ndiyo nini?"

"Pombe."

Shangazi akaanza kutukumbusha yale niliyokuwa nikifundishwa chuo cha Kurani, kwamba dhambi ya pombe haiishii kwa mnywaji, inamfika anayeikamua, anayeiuza na anayeibeba. Alipofika kwenye anayebeba alinitazama mimi.

"Na aliyetuuzia machungwa?" nikauliza. "Na dereva wa lori lililoyaleta?"

"We mtoto, nyamaza."

"Na mchungwa wenyewe?"

Nilifukuzwa nikalale na jua bado liko juu. Lakini nilimwona bibi akiuma shavu kwa ndani asicheke.

Hata hivyo aliacha. Maganda yakaanza kwenda kwenye pipa la taka. Aliyatupa upesi, kisha akabaki anaangalia pipa. Nilikuwa mdogo lakini niliona kilichotokea: mlango wetu haukubishwa tena. Bibi hakuwa na mtu mwingine katika jengo lile, na nadhani hata katika mtaa ule. Watu wa kwetu walikuwa mbali, wa kupigiwa simu na kutembelewa Idi. Jirani wa juu ndiye pekee aliyekuwa akimsalimia kana kwamba bibi alikuwa na la kujibu. Sasa bibi aliposikia hatua ngazini, alipunguza redio, akasubiri zipite.

Mwishowe jirani akashuka mwenyewe. Alisimama mlangoni na mikono mitupu, akaniuliza mimi kama amemkosea bibi yangu.

"Mwambie kweli," bibi akasema. "Mwambie sisi Waislamu. Sikujua, na sasa najua, basi siwezi kumpa. Na mwambie…" Hakumaliza. Akavuta kanga mabegani. "Mwambie hivyo tu."

Nikamwambia. Jirani akatikisa kichwa polepole. Nikamsubiri apande juu, na nikajua kwamba akipanda, ndiyo basi.

"Kwa hiyo hawezi kunipa maganda," akasema.

"Ndiyo."

"Kunifundisha je? Muulize. Mimi nikimenya, nyeupe yote inatoka na ganda, na kinywaji kinakuwa kichungu. Mama yangu aliweza. Mimi sikumtazama."

Nikatafsiri. Bibi akamwangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye ndara.

"Mtu mzima huyu hajui kumenya chungwa?"

"Hajui, bibi."

"Na nesi?"

"Na nesi."

"Subhanallah. Aingie. Avue viatu."

Jumamosi zilizofuata jirani alikuwa akishuka na machungwa yake mwenyewe, tele mikononi, akibisha mlango kwa mguu, na kukaa kwenye meza yetu ya jikoni. Alilishika chungwa kwa nguvu zote, ulimi nje. "Mwambie anachonga mwiko," bibi alisema. "Mwambie bibi yako nimechoma sindano nusu ya Kilburn, kisu hiki hakinitishi," jirani alijibu. "Mwambie chungwa si mgonjwa, halikimbii." Walikuwa wakicheka kabla sijamaliza kutafsiri, na baada ya muda sikumaliza kabisa, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananisikiliza. Maganda yaliyokatika waliyatia kwenye mfuko mmoja na yasiyokatika. Machungwa yenyewe tuliyafyonza sisi watatu, maji yakitutiririka mpaka viwikoni.

Shangazi aliwakuta hivyo siku moja. "Namfundisha kumenya chungwa," bibi akasema bila kuinua macho. "Au na hilo lina dhambi?" Shangazi akapewa chungwa, akavua koti. Na ilipokaribia Krismasi jirani alituletea chupa ndogo ya shira, aliyoichota kabla ya kuichanganya na ramu, mdalasini na vanila na ganda la chungwa tu. Bibi aliitia kwenye chai mpaka ikaisha, na akasema imezidi sukari.

Mimi sikuridhika. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo, na sijapona. Nilimfuata bibi jikoni nikamwambia kwamba hakuna kilichobadilika. Maganda yanaingia kwenye mtungi uleule. Kisu ni chake, meza ni yake, hata mikono ameifundisha yeye. Tofauti iko wapi?

Alikuwa anafuta meza. "Mwanzo yalikuwa yanakwenda maganda," akasema. "Sasa anakuja mtu."

Nimesoma chuo kikuu tangu wakati huo, na jibu lile nimelipiga darubini kila upande. Kimantiki halisimami. Shangazi angelibomoa, na mimi ningelibomoa haraka zaidi. Lakini jirani aliendelea kushuka mpaka bibi alipokufa, na kwenye hitma alikaa na wanawake wetu, kitambaa kichwani, bila mkalimani. Baadaye akarudi kisiwani kwake kwa dada yake. Duka la mazulia sasa linauza kahawa, na mlango wa chini umewekwa namba za siri.

Kinywaji chenyewe kipo, kinauzwa, mwenzangu kakipata. Chupa yake iko mezani mbele yangu ninapoandika, nusu imekwisha, na harufu haina kosa. Lakini tangu tuhamie hapa hakuna jirani ninayemjua kwa sura, na hakuna anayebisha mlango wetu kwa mguu kwa kuwa mikono imejaa machungwa.