Aliyetafuna Fimbo ya Mama Mkwe

Wapendwa, mmewahi kuona panya anayekula fimbo?

Nyumbani kwa koko yangu Emérence, yaani mama yake baba, Bagira hapa Bukavu, mwaka 1956, fimbo ya mama mkwe wake ilianza kuliwa maganda. Kila asubuhi imechubuka zaidi.

Panya hakuna. Mbuzi hakuna.

Turudi nyuma kidogo.

Mumewe, Modeste, alikuwa akibandua maganda ya miti ya kinini, ile dawa ya malaria, kwenye shamba la mzungu. Getini walipekuliwa mpaka kofia, wasitoke na ganda. Majani? Beba utakavyo.

Siku moja alikata fimbo ya mti huohuo, akapita getini anachechemea. "Pole, papa," mlinzi akamwambia!

Ilikuwa fimbo ya kuegemea ya mama yake, aliyefika kutoka Kamanyola anatetemeka kwa malaria. Dispensari hataki kuisikia. Sindano aliiogopa kuliko kaburi.

Wifi Colombe akatoa onyo: "Mama akifia mu nyumba yako, utarudia kwenu na marmite yako ya kupikia!"

Ndoa ilikuwa na miezi minne tu. Emérence akachemsha majani ya kinini aliyoleta Modeste, machungu balaa. Siku tatu kikombe kinarudi kitupu, homa iko palepale.

Jirani yao Ignace, wa maabara ya kiwanda cha kinini, alipoyaona majani chunguni alicheka mpaka akakaa chini.

"Maman, kinini iko mu maganda, ya shina na ya mizizi. Mu majani iko kidogo sana. Unapika sombe, mboga ya majani tu!"

Emérence akalia kama mtoto.

Hapo ndipo fimbo ilipoanza kuchubuka. Na ajabu, Ijumaa mgonjwa akaomba bugali.

Jumapili Colombe huyo, mikono kiunoni. Mdomo wa Ignace haukuwa na kufuli.

"Ulimunywesha mama majani ya bure?"

"Nyamaza," mama akasema. "Huyu ndiye aliniponyesha."

Colombe akashusha mikono, akaaga.

Alipoondoka, Emérence akashindwa kuvumilia. "Mama, majani ile haikuwa dawa."

"Majani? Nilimwagia migomba. Sikukuamini."

Akainua fimbo, nyeupe kabisa. "Baridi ilinikamata, meno inagongana, nikaiuma. Uchungu ileile ya kinini tuliyomezeshwa Misioni zamani! Nikatafuna."

"Sasa ulinisifu juu ya nini?"

"Nilikuona unalia. Mwenye kutaka kuniua hawezi kulia vile." Akacheka. "Ambia Modeste achechemee tena. Hii imeisha."

Ndugu zangu, si kila kichungu ni dawa. Ila ukipata mama mkwe mchungu, usikimbilie kumtupa. Tafuta kwanza dawa yake imekaa wapi.