Ufunguo Niliouamuru Ufutwe

Zamani nililinda ghala la kahawa, na kazi ilipokwisha sikulala na ufunguo wa mwajiri hata siku moja. Mwenzangu, kibarua kutoka Singida, aliondoka na wake mfukoni kwa kusahau. Ghala lilipoibwa, yeye ndiye aliyefungwa. Hofu ile haijanitoka.

Kwa hiyo mjukuu wangu, huyu anayeandika maneno yangu, alipoacha kazi katika kampuni ya watalii, nilimuuliza kama amerudisha funguo. Akanieleza kwamba ufunguo wake haushikiki: umo ndani ya kompyuta yake, nao ulimwingiza katika mitambo ya kampuni iliyoko Arusha, naye ameketi hapa Ganako. Nikamwamuru aufute siku hiyohiyo, akaitikia.

Miezi ikapita. Mtoto wa marehemu kaka yangu akang'oa minyaa ya mpakani, akidai kwamba kipande changu cha bondeni kilikuwa cha baba yake. Wazee wakatuita. Sikuogopa, kwa maana kaka alikuwa ametaja mipaka kwa sauti yake mwenyewe, mjukuu akairekodi, naye kaka akaagiza ifungwe isisikike hadi siku ya haja. Nikataka iletwe.

Mjukuu akainamisha kichwa. Alikuwa ameifunga sauti ile kwa ufunguo uleule wa kazini. Una vipande viwili, alisema: cha kufungia, ambacho hata mgeni huweza kupewa, na cha kufungulia, ambacho hukaa kwa mwenyewe tu. Hiki kikipotea, hata aliyefunga hafungui.

Nilikuwa nimemuua shahidi wangu kwa kinywa changu. Siku mbili nilipita kando ya mashimo ya minyaa nisithubutu kuyatazama.

Asubuhi ya kikao mjukuu akasimama mlangoni na kompyuta yake.

"Babu, sikuufuta."

"Uliniitikia."

"Niliwaomba watu wa kampuni wakiondoe kile kipande cha kufungia kilichokuwa kwao. Tangu hapo ufunguo wangu hauwafungulii kitu. Umebaki kufungua vya kwetu tu."

"Na siku mbili hizi ukanitazama nikikonda?"

"Niliiogopa fimbo yako kuliko wazee, Babu."

Mbele ya wazee sauti ya kaka ikatoka, ikataja jiwe kwa jiwe hadi mtoni. Mwanawe akatazama chini. Minyaa ataipanda upya yeye mwenyewe.

Fimbo sikuishika. Adhabu ya mjukuu wangu ni hii: kuyaandika haya yote kwa kalamu, bila kupunguza neno.