Kompyuta Juu ya Punda, Godoro Chini Yake

Ilikuwa saa mbili kasoro robo asubuhi, Jumatatu, nilipotoka mlangoni kwa mke wangu nikifuatana na punda aliyebeba godoro, mito miwili, sanduku la bati na kitu kikubwa kilichofunikwa shuka, na nakiri mapema kwamba mtu wa miaka hamsini na moja, anayejulikana kwa kupima kila kitu mara mbili, alipaswa kujua watu wa Amu, ndio Lamu, wangeielewaje picha ile. Aibu niliyoipata siku hiyo niliitafuta mwenyewe, na kwa utaratibu.

Nianze na kompyuta. Mimi ni fundi wa kukarabati nyumba za mawe, kuchora ramani nimejifunza mwenyewe vitabuni, na mwaka huu nikajiandikisha chuo, kozi ya kuchora majengo kwa kompyuta, nikakaa darasani na vijana wanaolingana na wanangu. Jambo hilo alilijua mke wangu peke yake, Bi Rukia. Hata mkwe wangu, Mzee Shee, sikumwambia, maana nilijiona mtu mzima mno kuulizwa mtihani umeendaje. Chuo kikataka kila mwanafunzi awe na kompyuta yenye nguvu. Laptopu ya kufaa ilikuwa shilingi elfu hamsini na nane. Nyumbani nilikuwa na kompyuta ya mezani, kongwe lakini nzima, na kwa elfu thelathini na moja na mia nne ningeiongezea memori, diski mpya na kadi ya picha, ikaishinda laptopu ile kwa kila kipimo. Nililinganisha kasi, joto, umeme, hata kelele za feni (nilijisifu sana kwa hilo la feni). Kipimo kimoja tu kilinipita: nani ataibeba.

Maana Ijumaa ukaja ujumbe kwamba mtahini anatoka Mombasa, Jumatatu saa tatu kila mtu awe darasani na mashine yake aonyeshe mchoro wake, na asiyeonyesha angoje mwaka ujao. Kwa kijana mwaka ujao si kitu. Kwangu mimi, niliyekuwa nikiahirisha jambo hili tangu wanangu wadogo, kungoja tena kulikuwa ni kuacha.

Basi nikamkodi Bwana Kombo na punda wake. Kompyuta ya mezani haipendi kutikiswa, kwa hiyo nililikunja godoro la wageni likawa tandiko, kioo chake nikakilaza baina ya mito, mashine upande mmoja, na upande wa pili, ili mzigo ulingane, sanduku langu lenye nyaya na vitabu, sanduku lile lile nililokuja nalo siku ya harusi. (Kwa asiyetujua: huku kwetu baba humpa binti nyumba anapoolewa, na mume ndiye anayehamia. Ndoa ikivunjika, anayeonekana njiani na sanduku lake ni mwanamume.) Na Bi Rukia mwenyewe hakuwepo, alikuwa Mbwajumali, kijiji cha kisiwa jirani, kumtazama mpwa wake aliyejifungua.

Wa kwanza kutuona alikuwa Bi Khadija, muuza mahamri wa mtaani kwetu.

"Bwana Athmani, yeo wenda wapi na zombo?"

Zombo kwetu ni vyombo vya nyumba. Hapo ndipo ningesema, naenda chuo, yakaisha. Nikasema nina shughuli kidogo. Akauliza Bi Rukia yuko wapi, nikamjibu yuko kwa jamaa zake. Kila neno lilikuwa kweli. Bi Khadija akanitazama kwa huruma, akanifungia mahamri manne, akakataa pesa, na mimi badala ya kushtuka (mama yule hajapata kumpa mtu hamri la bure) nikashukuru na kuendelea na safari.

Mbele zaidi tukapita watu waliokaa barazani. Mmoja akanishika bega, akaniambia nivute subira, nami nikadhani amesikia habari za mtihani. Tulipolipita soko, Bwana Kombo akasema, bila kugeuka:

"Mara ya kwanza huuma. Ya pili wachukua zombo usiku."

Nikamuuliza mara ya pili ya nini. Akanihurumia zaidi. Ndipo nilipoelewa, lakini zilikuwa zimebaki dakika ishirini, na nikaamua (uamuzi wa busara, nilijiambia) kwamba uvumi utasubiri na mtihani hausubiri. Nikazima simu ili nisisumbuliwe.

Darasani vijana walikuwa wameshafungua laptopu zao juu ya mapaja. Mmoja akanisaidia kuingiza mzigo, akaniuliza, "Mzee, umetuletea friji?" Nikatafuta soketi, nikapanga nyaya, nikabonyeza, kioo kikawaka, nikavuta pumzi, na umeme ukakatika. Laptopu zote ziliendelea kung'aa. Yangu ilikuwa nyeusi kama sufuria. Mtahini, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliwatahini wenzangu mmoja mmoja mpaka wakaisha, akaniambia atangoja kidogo, ila ana ndege ya saa sita.

Katika kungoja huko mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Shee kwa kanzu na bakora, na majirani wawili, na nyuma yao Bi Khadija, ambaye bila shaka ndiye aliyeufungua mkutano. Walikuwa wamenitafuta kwa dada yangu, wakanikosa, wakamkuta Bwana Kombo nje ya chuo. Wakatoa salamu, darasa zima likaitikia.

"Athmani," akasema mkwe wangu mbele ya watu wote, "mwanangu akiwa na makosa, nambia mimi. Mtu hatoki nyumbani bila kuwaaga wakweze."

Mtahini akaniuliza kwa sauti ya chini kama hii ni sehemu ya wasilisho langu.

"Baba, sikuhama," nikasema. "Nina mtihani. Nasoma hapa."

"Na godoro?"

"La kompyuta."

Mzee Shee akaigeukia mashine, akaligeukia godoro, akanirudia mimi. Yule kijana wa friji ndiye aliyeanza kucheka, mtahini akajikaza akashindwa, na darasa likaangua kicheko mpaka Bi Khadija akajifunika uso kwa mtandio. Umeme ulirudi katikati ya kicheko hicho.

Mchoro wangu ulikuwa wa nyumba ya Bi Rukia, nimeipima ukuta kwa ukuta. Nikauzungusha kwenye kioo: ua, madaka yaliyochongwa ukutani, ngazi ya kupandia darini. Mzee Shee akasogea, akasogea tena, mpaka pua yake ikakaribia kioo, kwa sababu ndimo alimozaliwa.

"Kumbe hukuitoka nyumba," akasema. "Umeibeba."

Mtahini akaniuliza unene wa kuta, Mzee Shee akajibu. Akauliza dari inashikwa na nini, Mzee Shee akajibu. Mwishowe akamwomba baba aniachie japo maswali mawili, nikayajibu, akaandika, akasema nimepita.

Tulirudi na punda yule yule, mkwe wangu mbele na bakora yake, na wanawake wakatoka milangoni wakapiga vigelegele, wakiamini nimesuluhishwa na narudishwa kwa mke wangu. Nikataka kueleza. Mzee akanikataza, akasema waachwe na furaha yao, na kwamba waliopiga vigelegele lazima walishwe. Mbuzi akatafutwa.

Alasiri Bi Rukia akafika kwa boti aliyoikodi peke yake, maana habari zilimfikia Mbwajumali na simu yangu imezimwa. Alisimama mlangoni, akalitazama godoro lililolowa jasho la punda.

"Hilo la wageni," akasema. "La zamani hukuliona?"

Nimeapa kwamba siku nyingine nikitoka na mzigo, wa kwanza kuuliza nitamwambia niendako, hata kama ni aibu. Na kwa kuwa napenda hesabu zifungwe: ukitoa punda wa kwenda na kurudi, boti, mbuzi na mchele wake na godoro jipya kwenye kile nilichookoa kwa kutonunua laptopu, hasara ni shilingi elfu moja na mia sita.