Equation ya dunia yote kwenye ukuta wangu, Butembo

Wakuu, salamu kutoka Butembo. Mimi ni mzee, nina diplôme ya sekondari tu, na hapa sitaongeza chumvi.

Laiti ningekataa kumpa Prof majina ya watoto wangu.

Prof alikuwa mwalimu wa fizikia, mtu wa Kasai, aliyeletwa kufundisha kwetu. Alipanga chumba changu cha nyuma, cha mbao. Ukutani aliandika kwa chaki equation moja ndefu, mlinganyo wa namba na herufi. Alisema ikikamilika itaeleza nature yote: mvua, mawe, nyota, homa.

Nilimcheka. "Na nyumba yangu imo?"

"Papa, kama haimo, basi si ya vyote. Leta majina ya batoto."

Nikampa: Paluku, Kambale, Kakule.

Kesho yake aliniita. Hakuwa na mzaha. "Papa, kuna mutu moja unanificha. Mbele ya Kakule iko nafasi wazi."

Kasereka wetu, aliyezaliwa kabla ya Kakule, alikufa akiwa na wiki mbili. Nyumbani tulikuwa hatumtaji.

Tangu hapo nilikuwa nikipita mbele ya chumba kile navua kofia. Chekeni tu.

Miezi ikapita. Kakule, kijana wa miaka ishirini na mbili, akashikwa na tumbo. Nilikimbia kwa Prof. Akaandika, akafuta, akaandika. "Siku ya tatu maumivu yataisha."

Mke wangu alikuwa ameshafunga pagne, kitenge chake cha kutokea. "Baba Paluku, mutoto anaungua. Tumupeleke hospitali."

"Tungoje. Equation haikosei. Si ilimwona Kasereka?"

"Ilimuona wapi? Kwetu mutoto wa tatu ni Kasereka, wa ine ni Kakule. Hata muuza sombe sokoni anajua! Majina ndiyo ilimuambia."

(Kwa wasio Wanande: kwetu jina hufuata nafasi ya kuzaliwa, na marehemu hahamishwi kwenye nafasi yake. Prof alikuwa akiita majina hayo darasani kila asubuhi. Mimi Munande nilishangazwa na jambo linalojulikana na kila mtoto wa hapa.)

Nilimwelewa mke wangu palepale, wakuu. Aibu ikanifunga. Nikasema tena: tungoje.

Siku ya tatu maumivu yaliisha kweli. Kakule alitabasamu, akaomba chai. Kabla haijapoa, akakata roho.

Prof alihamia Oicha bila kuaga. Ukuta niliusugua kwa sabuni. Lakini kila mvua ikilowesha mbao, ule mstari unarudi, mweupe. Nafasi wazi sasa ni mbili. Nimezihesabu mara nyingi.

Labda equation ya vyote ipo, sijui. Ila mwenye kulia kando yako msikilize kwanza, ukuta utangoja. Mliosoma fizikia, niambieni: ile siku ya tatu aliijuaje? Nitasoma kila jibu, hata la matusi.

Hospitali ilikuwa mwendo wa nusu saa. Nilingoja siku tatu, na mwanangu Kakule akafa.