Siku Bibi Alipopandishwa Lori

Nakumbuka asubuhi moja ya upepo, mwanangu, nikiwa kidato cha nne hapa Sumbawanga, miaka ile watu walipokuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Tulikuwa kwenye somo la fizikia tukipima inesha, yaani ugumu wa kitu kuanza kuzunguka au kuacha. Kisahani cha chuma kinaning'inia kwenye waya. Unakisokota kidogo, unakiachia, kinakwenda na kurudi, nawe unahesabu huku mwenzako ameshika saa. Lakini kabla ya yote lazima usubiri kitulie kabisa, la sivyo unajisumbua bure.

Zamu yangu ilipofika, binamu yangu akatokea mlangoni na baiskeli. Bibi, aliyenilea tangu mama afariki, alikuwa anahamishwa siku hiyo kutoka nyumbani kwetu, nyuma ya Milanzi, nje ya mji. Macho yake yalikuwa hayaoni tena. Alisema hapandi lori mpaka nije nimshike mkono.

"Mwalimu, naomba ruhusa," nikasema. "Bibi yangu ananiita."

"Maliza kwanza. Waya tunao huu mmoja, na mtihani uko karibu."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuja kwetu kutoka Mbeya akiamini kwamba shule ndiyo itakayotutoa, na mimi niliamini hivyo hivyo. Binamu akaondoka peke yake. Upepo ukawa unaingia dirishani, kisahani kikakataa kutulia, hesabu zikanipotea, nikaanza upya, nikaanza tena.

Nilipofika nyumbani jua lilikuwa limeshapinda. Paa limeshushwa, mlango umeng'olewa, na jivu la jikoni lilikuwa bado na uvuguvugu. Nikafuata barabara mpaka kijiji kipya, mvua ikinikuta njiani. Nikamkuta bibi kwenye kiwanja kitupu, amekaa juu ya gunia lake la ulezi, amelowa mvua.

"Walininyanyua," akasema. "Wewe ulikuwa unafanya nini, mjukuu wangu?"

Nikamweleza.

"Hicho chuma mlikisubiri kitulie," akasema. "Mimi hamkunisubiri."

Kifua kilimbana bibi tangu siku ile, na mahindi ya kwanza ya kijiji kile hayakumkuta hai. Inaniuma mpaka leo, sikufichi.

Baadaye nilikuja kufundisha fizikia mwenyewe, na mtoto aliyeitwa kwao nilimwachia aende hata kabla hajamaliza kusema. Walimu wenzangu walinicheka, eti nawadekeza wanafunzi. Wacha wacheke.

Basi sikia, mwanangu. Mkubwa wako akikuita siku ya shida yake, omba ruhusa. Ukinyimwa, omba tena. Ukinyimwa tena, nenda, kisha urudi upokee adhabu yako. Fimbo zinapona. Mtihani ule nilifaulu vizuri sana, na hakukuwa na mtu nyumbani wa kumpelekea habari.

Mungu akupe miguu ya kuwahi, na wanaokusubiri akuwekee wazima mpaka ufike.